Karatasi Haizaliwi Bure: Historia Fupi ya Faili la Mwanafunzi Anayekwenda Ng'ambo

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa shangazi yangu Tabata kula pilau, nikajikuta karani. Binti yake amepata nafasi ya kusoma diploma ya usindikaji wa vyakula huko Kanada. Hajaniruhusu kumtaja jina, kwa hiyo hapa nitamwita Binti Shangazi. Meza ya chakula ilikuwa haionekani. Ilifunikwa na karatasi tupu: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, matokeo ya mtihani wa Kiingereza, barua ya chuo, barua ya jimbo, stakabadhi ya ada, taarifa za benki, barua ya mwajiri wa shangazi, picha, na barua ndefu ya kueleza kwa nini anataka kusoma kule na si hapa. Pilau tulilia mapajani.

Katikati ya kuskani na kupanga, binti akaniuliza: "Kaka, wewe si ndiye unayesoma historia? Hivi zamani nao walidaiwa haya yote? Mwalimu Nyerere alipeleka taarifa ya benki Edinburgh?"

Tukacheka wote. Lakini ndugu msomaji, nilipofika nyumbani usiku sikulala. Swali lilikuwa zuri, na mimi sikuwa na jibu. Nimelitafuta wiki nzima, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza nimjibu binti. Hapana, Mwalimu hakupeleka taarifa ya benki. Alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, akarudi na shahada yake mwaka 1952. Mdhamini wake alikuwa mtawala mwenyewe. Serikali iliyompeleka na serikali iliyompokea zilikuwa ni moja, kwa hiyo nani angemdai nani uthibitisho? Ugumu wa zama zile haukuwa kwenye karatasi, ulikuwa kwenye kuchaguliwa. Walichaguliwa wachache mno, tena na watu wasiokuwa na haraka ya kutuona tumesoma.

Karatasi zinaanza pale mtu anapotaka kwenda bila kuchaguliwa na mkubwa. Na nilichokigundua ni hiki: hakuna karatasi hata moja kwenye lile faili iliyozaliwa bure. Kila moja ni swali ambalo mtu fulani aliuliza siku fulani kwa sababu ya jambo fulani lililomtisha. Jambo likapita, watu wakasahau, karatasi ikabaki.

Tuanze na pasipoti.

Kabla ya mwaka 1914, mtu aliweza kuvuka mipaka mingi ya Ulaya bila kitabu chochote mfukoni. Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyoleta hofu ya majasusi na askari watoro, na serikali zikaanza kudai hati mipakani. Vita vilipokwisha, watu walitarajia mambo yarudi kama zamani. Hayakurudi. Mwaka 1920 mkutano ulioitishwa na Ligi ya Mataifa mjini Paris ukakubaliana juu ya kitabu cha namna moja kwa wote, chenye kurasa 32. Baadhi ya waliokaa pale waliamini kwamba huo ni utaratibu wa muda tu na kwamba iko siku pasipoti zitafutwa. Zaidi ya miaka 100 imepita, na sisi bado tunapanga foleni.

Kwa Mwafrika chini ya mkoloni, pasipoti ilikuwa na balaa lake la ziada. Aliyekuwa na mamlaka ya kukupa ndiye huyo huyo uliyekuwa unampinga. Muulize Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka 1960 alikwenda Moscow na Peking, na aliporudi Kenya serikali ya kikoloni ikamnyang'anya pasipoti. Je, alitulia? Wapi! Alianza kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma katika nchi za kisoshalisti, wengi wao bila pasipoti kabisa. Walipita Uganda, wakaingia Sudan, wakashuka mpaka Cairo, na kutoka Cairo wakatawanyika: wengine Moscow, wengine Ulaya Mashariki. Nchi zilizowapokea hazikujali kitabu cha Malkia. Wakati wa Vita Baridi kila kambi iliwataka vijana wa Afrika, na Moscow ilikuwa imefungua chuo kikuu kizima kwa ajili yao mwaka 1960, kile kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata.

Nikisoma habari za wale vijana najiuliza: mzazi alikuwa anamuaga mwanawe kwa moyo gani? Hana hati, hana nauli ya kurudi, hajui barua ya kwanza itafika lini. Leo tunalia na mtandao wa maombi unaogoma kupokea faili kubwa. Haya, tuendelee.

Karatasi ya pili: barua ya chuo.

Hii mzazi wake ni sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1924. Mara nyingi sheria hiyo hukumbukwa kwa ubaya wake, maana iliweka viwango vya idadi ya watu kwa kila taifa ili kuwazuia wasiotakiwa. Lakini ndani yake kulikuwa na mlango mdogo. Mwanafunzi mwenye umri wa miaka 15 au zaidi aliweza kuingia nje ya viwango hivyo, kwa masharti. Shule yake iwe imeidhinishwa na waziri wa kazi. Na shule hiyo iwe imekubali kutoa taarifa serikalini mwanafunzi huyo akiacha masomo.

Soma tena sharti hilo la pili. Mwaka 1924 tayari! Wengi wetu tunadhani vyuo vilianza kufanywa wapelelezi juzi juzi. Kumbe tangu siku ya kwanza barua ya chuo haikuwa salamu ya kumkaribisha mwanafunzi. Ilikuwa mkataba kati ya chuo na serikali, na mwanafunzi ndiye aliyeubeba kwenye bahasha.

Mkataba huo ulilala kwenye makabati kwa miaka mingi. Shule ziliandika, au hazikuandika, na karatasi zilirundikana bila mtu wa kuzisoma. Kisha mwaka 1993 bomu likalipuka katika Kituo cha Biashara cha Dunia, New York. Ikaonekana kwamba dereva wa gari lililobeba bomu aliingia nchini kwa viza ya mwanafunzi, akaacha chuo, na hakuna aliyemtafuta. Mwaka 1996 Bunge la Marekani likaagiza taarifa za wanafunzi wa kigeni zikusanywe kwa kompyuta. Vyuo vikapinga, kazi ikasuasua.

Ikaja 11 Septemba 2001. Mmoja wa watekaji wa ndege alikuwa ameingia kwa viza ya mwanafunzi na hakufika kwenye shule aliyosema anakwenda. Na kilichofuata kingekuwa kichekesho kama kisingekuwa msiba. Tarehe 11 Machi 2002, miezi sita kamili baada ya mashambulizi, shule ya urubani huko Florida ilipokea kwa posta karatasi za idara ya uhamiaji zilizoeleza kwamba Mohamed Atta na Marwan al-Shehhi wamekubaliwa kuwa wanafunzi. Watu hao walikuwa wamekufa, ndani ya ndege zile zile walizoziteka. Ruhusa zilitolewa mwaka 2001, nakala zikachelewa njiani.

Aibu ile ilifanya kilichoshindikana kwa miaka 79. Mwaka 2003 mfumo wa kompyuta unaoitwa SEVIS ukaanza kazi, na tangu hapo chuo cha Marekani hutakiwa kutoa taarifa mwanafunzi wa kigeni asipojiandikisha, akipunguza masomo au akihama nyumba. Mwaka 2004 mwanafunzi akaanza pia kuulipia mfumo huo wa kumfuatilia, dola 100 wakati ule. Tangu 2019 ni dola 350 kwa wengi wao. Ndiyo, umesoma vizuri: anayefuatiliwa ndiye anayelipa.

Kanada nayo ilipata somo lake. Mwaka 2023 ikajulikana kwamba mamia ya vijana kutoka India walikuwa wameingia nchini humo kwa barua za vyuo zilizoghushiwa na mawakala. Wengi walikuja kugundua baada ya miaka, wakati wameshasoma kwingine, wamehitimu, wanafanya kazi, na wanaomba ukaazi wa kudumu. Walikuwa wamemlipa mtu fedha halali kwa karatasi ya uongo. Kuanzia 1 Desemba 2023 kila chuo kikawa kinatakiwa kuthibitisha moja kwa moja kwa idara ya uhamiaji ya Kanada kwamba barua ni yake. Halafu tarehe 22 Januari 2024 serikali ikatangaza kikomo cha idadi ya vibali, na ikaongeza karatasi mpya kabisa, barua ya jimbo, inayoonyesha kwamba mwanafunzi amehesabiwa ndani ya mgawo wa jimbo anakokwenda. Wanaokwenda kusoma uzamili na uzamivu katika vyuo vya umma wamesamehewa barua hiyo tangu 1 Januari 2026. Binti Shangazi anakwenda kusoma diploma. Kwa hiyo ipo mezani, imewekwa chini ya kopo la chumvi isipeperuke.

Mtihani wa Kiingereza nitaupita haraka. TOEFL ilianza kutolewa mwaka 1964, IELTS mwaka 1989. Kinachochoma ni kwamba kijana aliyefundishwa kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza, katika nchi iliyotawaliwa na Mwingereza, bado analipa fedha nyingi kuthibitisha kwamba anakijua, na matokeo yenyewe yanakwisha muda baada ya miaka miwili. Sijui lugha huwa inachacha.

Sasa tuje kwenye karatasi iliyonikosesha usingizi: uthibitisho wa fedha.

Rudi nami mwaka 1959. Katika Kenya, Uganda na Tanganyika yote chuo kilichokuwa kikitoa shahada ni Makerere, na nafasi zake zilihesabika kwa vidole. Vijana wenye vyeti vya Cambridge walikuwepo, vyuo havikuwepo. Uhuru ulikuwa unanukia, na swali likawa: nani ataendesha ofisi, hospitali na shule siku bendera itakapopandishwa?

Tom Mboya, kijana wa miaka 28, akaenda Marekani akazunguka vyuoni akihutubia na kuomba nafasi za masomo. Akapata nyingi. Lakini nafasi ya masomo haikuwa safari. Chuo kiliweza kusamehe ada na kisiseme lolote juu ya chakula, malazi na nauli. Na ili apate viza, mwanafunzi alitakiwa aonyeshe kwamba ataweza kuishi kule bila kuwa mzigo kwa mtu. Serikali ya kikoloni nayo haikufurahia mpango huo, ikisema wengi wa vijana hao hawana sifa za chuo kikuu.

Fedha zilitoka wapi? Zilitoka kwa watu. Nyumbani familia ziliuza mifugo na mazao. Kulikuwa na karamu za chai za kuchangisha, madansi, mikutano ya kijiji ambako kila mtu aliweka alichonacho. Mwanafunzi mmoja alibeba fedha za ukoo mzima, na wakati mwingine za kata nzima. Upande wa pili wa bahari, mfanyabiashara William Scheinman na wenzake waliunda taasisi ya kuwasaidia wanafunzi wa Afrika, na barua ya kuchangisha fedha ikatiwa saini na mcheza besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Fedha hizo zikakodi ndege. Septemba 1959 vijana 81 wakatua New York.

Mwaka uliofuata waliotaka kwenda walikuwa wengi zaidi na fedha hazikutosha. Serikali ya Marekani ilikataa kulipia usafiri. Julai 1960 Mboya akaenda kumwona John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na taasisi ya familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000. Safari hii walikuwamo pia vijana wa Tanganyika, Uganda, Zanzibar na nchi za kusini yetu. Kati ya 1959 na 1963 walikwenda karibu wanafunzi 800. Mmoja wa waliokwenda mwaka 1960 alikuwa msichana kutoka Nyeri aliyepelekwa chuo cha masista huko Atchison, Kansas. Jina lake Wangari. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Unaona ninakokwenda? Mwaka 1959 uthibitisho wa fedha wa mwanafunzi wa Afrika Mashariki ulikuwa mchango. Hapakuwa na mzazi mmoja mwenye akaunti nene. Palikuwa na watu mia wenye kidogo kidogo, na ule wingi wao ndio uliokuwa dhamana.

Leo wingi ule ule ndio unaotiliwa shaka.

Ilifikaje huko? Kwanza, masomo yalikuja kuwa biashara. Mwaka 1967 Uingereza ilianza kuwatoza wanafunzi wa kigeni ada ya juu kuliko wenyeji, pauni 250 dhidi ya pauni 70. Wengi waliona ni uonevu kwa vijana wa Jumuiya ya Madola. Kuanzia mwaka wa masomo 1980 wageni wapya wakatakiwa kulipa gharama kamili. Nchi nyingine zikafuata njia hiyo, na mwanafunzi wa kigeni akageuka kutoka mgeni wa kusaidiwa akawa mteja. Na mteja, kama tujuavyo hapa Kariakoo, huulizwa kwanza ana kiasi gani.

Kanada kwa karibu miaka 20 ilimtaka mwanafunzi anayekwenda peke yake aonyeshe dola 10,000 za matumizi ya mwaka, mbali na ada na nauli. Kuanzia 1 Januari 2024 zikawa 20,635. Tangu 1 Septemba 2025 zikapandishwa hadi 22,895. Sababu wanayotoa ina mantiki: maisha yamepanda, na wanafunzi walikuwa wanafika na kukuta fedha haitoshi hata kwa chumba. Lakini kwa shilingi yetu hayo ni makumi ya mamilioni. Kati ya 2018 na Novemba 2024 palikuwa pia na njia ya haraka ya maombi kwa nchi chache zilizochaguliwa. Hakuna nchi hata moja ya Afrika Mashariki iliyowahi kuwamo.

Pili, kiasi peke yake hakitoshi. Afisa anataka kujua fedha imetoka wapi. Taarifa ya benki iliyokuwa na laki mbili mwezi wa kwanza na milioni arobaini mwezi wa tatu inamfanya akunje uso. Na hana kosa kabisa, maana wapo wanaokopa fedha kwa wiki mbili ili salio linenepe, wapige nakala, kisha warudishe. Udanganyifu huo upo, tusijidanganye.

Lakini taarifa ya mchango nayo inafanana vipi? Inafanana hivyo hivyo! Akaunti tulivu, halafu ghafla fedha zinamiminika kutoka kwa watu hamsini wasiofanana majina.

Hili nalijua kwa kuchomeka. Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe niliomba viza ya masomo katika nchi ambayo sitaitaja. Sehemu ya fedha zangu ilikuwa upatu wa ofisini, zamu yangu ilipofika nikapokea donge zima siku tatu kabla ya kuwasilisha maombi. Sikueleza chochote, kwa sababu nilidhani fedha ni fedha. Nilijibiwa kwa barua ya kurasa mbili kwamba chanzo cha fedha hakikuthibitishwa. Miaka miwili ya kuweka akiba kwa uaminifu, na kwenye macho ya msomaji wa mbali nikaonekana tapeli. Nilimlaumu afisa kwa muda mrefu. Sasa namwelewa kidogo. Hajawahi kucheza upatu. Angejuaje?

Kabla ya kurudi mezani, kuna swali la mwisho ndani ya faili, ambalo halina karatasi maalumu: utarudi?

Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952 ililiandika wazi. Mwanafunzi awe na makazi nje ya Marekani asiyokusudia kuyaacha. Na mwombaji wa viza achukuliwe kuwa ni mhamiaji mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Yaani mahakamani mtu hana hatia mpaka ithibitike, lakini dirishani kwa viza mambo yamegeuzwa. Kanada nayo, kwa maneno yake, inataka afisa aridhike kwamba mwanafunzi ataondoka muda wake ukiisha.

Walioonja makali ya swali hilo ni wengi. R. Mugo Gatheru alikuwa kijana wa Kenya aliyefanya kazi kwenye gazeti la chama cha KAU. Aliondoka mwaka 1949, akapitia India, akaingia Marekani mwaka 1950. Mwaka 1952, Kenya ikiwa inawaka moto wa Mau Mau, idara ya uhamiaji ikamtaka aondoke. Rafiki zake, wakiongozwa na msomi Mmarekani Mweusi St. Clair Drake, wakachanga fedha za kumtetea. Umeona? Mchango tena. Kesi ikavutana kwa miaka, naye akaendelea kusoma, na mwaka 1964 akachapisha kitabu cha maisha yake.

Mwaka huo huo wa 1964 mwingine hakuwa na bahati hiyo. Barack Obama Mkubwa alikuwa amefika Hawaii mwaka 1959, si kwa ndege ile ya wale 81 bali kwa msaada wa wanawake wawili Wamarekani walioamini akili yake. Alifika mpaka Harvard na akafaulu mitihani ya uzamivu. Lakini faili lake la uhamiaji lilikuwa limenenepa, na humo maofisa waliandika hata habari za ndoa zake. Alipoomba kuongezewa muda, chuo hakikutaka abaki na idara ikakataa. Akarudi Nairobi bila kumaliza tasnifu. Mtoto aliyemwacha Hawaii mnamjua.

Sasa turudi Tabata.

Jumapili hii nilikwenda tena, safari hii si kwa pilau. Nikamkuta shangazi amekata tamaa. Fedha zake zimetoka sehemu tatu: akiba yake ya miaka kumi na moja, kiwanja cha Chanika alichokiuza, na michango ya ndugu, majirani na akina mama wa kikundi chake. Jamaa mmoja wa steshenari alikuwa amemshauri asiseme habari za michango. "Mama, andika zote ni akiba yako. Wazungu hawaelewi mambo ya michango."

Nikamwambia: shangazi, huyo ndiye atakayemponza mtoto. Kanada ikibaini uongo kwenye maombi inaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka mitano. Tena kwa nini tuone aibu? Kizazi kizima kilisomeshwa hivyo. Tatizo si mchango, tatizo ni mchango usio na maelezo.

Basi tukakaa chini. Tukachukua daftari la kikundi, maana akina mama wetu huandika kila kitu, na tukanakili majina, tarehe na kiasi. Waliotoa kikubwa wakaandika barua fupi kwamba ni zawadi na si mkopo, wakaambatanisha nakala za vitambulisho vyao. Tukachapisha taarifa za M-Pesa ili kila muamala uonekane ulikotoka na ulikoingia. Mkataba wa mauzo ya kiwanja ukatafsiriwa Kiingereza na mtafsiri anayetambulika. Juu ya yote Binti Shangazi akaandika ukurasa mmoja, kwa maneno yake, unaoeleza kwamba katika nchi yake watu huchangiana kwa harusi, kwa msiba na kwa shule, na kwamba orodha iliyoambatanishwa ni ya watu wanaomsubiri arudi kufungua kiwanda cha kusindika maembe.

Nilipousoma nikaona ameshajibu maswali mawili kwa karatasi moja. Fedha imetoka wapi, na kwa nini utarudi. Orodha ya waliokuchangia ndiyo orodha ya unaowadaiwa. Mwaka 1959 hilo halikuhitaji kuandikwa, lilijulikana na kila aliyekuwa uwanja wa ndege. Leo inabidi liandikwe, litafsiriwe, liskaniwe, na lisizidi ukubwa wa faili unaoruhusiwa.

Je, atapata? Sijui. Maombi yalitumwa Jumatatu saa nne usiku, umeme ukakatika dakika chache baadaye, na sasa tunasubiri kama wengine wote. Inawezekana afisa atakayelifungua faili lile atakuwa na dakika chache tu na mafaili mengi nyuma yake. Inawezekana hatausoma ule ukurasa.

Lakini wewe unayepanga faili lako wiki hii, au la mdogo wako, nakuomba jambo moja. Usikubali kuficha ulikotoka ili ufanane na mwombaji ambaye wao wamezoea kumwona. Eleza. Andika. Ambatanisha. Na ukimaliza, usitupe nakala. Faili la mwanafunzi ni historia, na yale ya 1959 ndiyo yaliyotuwezesha leo kujua akina nani walikwenda, nani aliwalipia, na nani alitaka kuwazuia.

Shangazi amehifadhi nakala yetu kwenye sanduku, pamoja na daftari la kikundi. Amesema maembe yakisindikwa, kila aliyemo kwenye orodha atapewa chupa moja ya kwanza.